Kabla hujafungua gia-boksi ya pikipiki mpya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na madereva wa bodaboda waliohama hivi karibuni kutoka pikipiki ndogo kwenda kubwa, pamoja na matajiri wao, yaani wenye vyombo, wanaosubiri hesabu jioni.

Lalamiko linalofika gereji ni lile lile. Pikipiki ina wiki mbili tu, gia ngumu, inaruka, haikai frii (pale ambapo hakuna gia iliyoingia), ukiingiza moja inagonga. Tajiri anamlaumu dereva, dereva anamlaumu muuzaji, muuzaji anasema dhamana haihusu matumizi mabaya. Mwisho wake injini inafunguliwa chini ya mwembe, gasketi inapakwa gundi, na ubovu ambao haukuwepo unaanza siku hiyo. Kwenye chombo kipya kuna mambo matatu ya kuangaliwa kwanza: mpangilio wa gia ambao mguu bado haujaujua, waya wa klachi, na oili. Gia-boksi ishukiwe mwisho.

Nianze na mguu, maana ndiko hatari iliko. Pikipiki nyingi za gia nne ambazo vijana wamejifunzia hukanyagwa mbele kwa gia zote. Frii iko mwanzo kabisa. Ukikanyaga mara moja unapata moja, tena mbili, tena tatu, tena nne. Kupunguza unakanyaga nyuma kwa kisigino. Honda za ukoo wa Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, nazo huongezwa gia kwa kukanyaga mbele, ila hazina mkono wa klachi kabisa. Ukikanyaga pedali ya gia, pedali hiyo hiyo ndiyo inayoachia klachi.

Pikipiki nyingi za gia tano, na karibu zote kubwa, zimepangwa vingine. Moja iko chini, inafuata frii, halafu mbili, tatu, nne na tano zote ziko juu. Hapa kukanyaga mbele ni kupunguza. Kuongeza ni kuinua pedali kwa ncha ya kiatu, au kukanyaga nyuma kwa kisigino kama pedali ina mikono miwili. Kila ambacho mguu ulikuwa ukifanya kimegeuzwa. Mpangilio huu ulipata nguvu ya sheria nchini Marekani kuanzia Septemba 1974, ilipoamriwa kwamba gia ziwe mguu wa kushoto na kuinua pedali kuwe ni kupandisha gia. Kabla ya hapo pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia. Kanuni hiyo hiyo ilikataza gia ya juu kabisa kuungana moja kwa moja na ya chini kabisa. Wenye pikipiki za gia za mzunguko, zile ambazo baada ya nne au tano ukikanyaga tena unapata frii na kisha moja, watajua kwa nini: ukizidisha kukanyaga ukiwa mwendoni unaweza kujikuta kwenye moja. Baadhi zina kizuizi kinachofunga mzunguko huo chombo kikiwa mwendoni. Nyingine hazina, na hilo halijaribiwi barabarani.

Ubaya wa kosa la mguu unaonekana vizuri kwa hesabu. Tuchukue gia-boksi ya gia tano yenye uwiano (mizunguko ya shafti inayoingia kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka) wa 2.8 kwa gia ya kwanza, kisha 1.9, 1.4, 1.1 na 0.95. Dereva yuko gia ya pili, injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, naye anataka ya tatu. Mguu, kwa mazoea, unakanyaga mbele kwa nguvu. Pedali inapita frii na kuingia moja. Akiachia klachi, injini inalazimishwa kufika mizunguko 8,800 hivi, yaani 6,000 mara 2.8 gawanya kwa 1.9. Injini nyingi za kazi za cc 150 hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Springi za valvu zinaweza kushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, na valvu ikichelewa inaweza kuguswa na pistoni. Wakati huo huo gurudumu la nyuma linaburutwa kana kwamba umekanyaga breki ghafla, na kwenye mchanga au tope pikipiki inakwenda upande na abiria wako. Akiwa na bahati inaishia frii: injini inapiga kelele, chombo hakivuti, na lori liko nyuma yake.

Kosa la upande wa pili halina kelele lakini linawaangusha wengi. Dereva anakaribia mzunguko wa barabara akiwa gia ya tatu, anataka mbili, anakanyaga nyuma kwa kisigino kama alivyozoea. Kwenye chombo kipya amepandisha hadi nne. Anapofungua mafuta injini inatetemeka na kuzima katikati ya magari.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, tafuta kibandiko cha mpangilio wa gia au fungua kitabu cha chombo. Usilifuate jina la kampuni, maana kampuni moja huuza modeli za mipangilio tofauti. Kama hakuna kibandiko wala kitabu, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja huku ukibonyeza pedali kwa mkono mwingine. Gurudumu likizunguka jepesi, uko frii. Kuanzia hapo bonyeza mbele mara moja moja na uhesabu. Ikiingia gia moja tu kisha pedali ikagoma, una mpangilio wa moja chini. Zikiingia nne mfululizo, ni ule wa zamani. Usiache kuzungusha gurudumu, kwa sababu gia hazitaingia shafti zikiwa zimetulia.

Hili la kutulia ndilo linalozaa lalamiko la "gia ngumu". Ndani ya gia-boksi ya pikipiki, gia zote zimeshikana wakati wote. Zinachofanya ni kuteleza pembeni kwenye shafti ili meno ya ubavuni yaingie kwenye matundu ya gia jirani, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Anayezisukuma ni foku, chuma chenye umbo la uma, na foku inaongozwa na drumu yenye mifereji inayozunguka hatua moja kila unapogusa pedali. Chombo kikiwa kimesimama, jino linaweza kukutana na jino badala ya tundu. Hapo pedali inagoma. Dereva mwenye haraka anakanyaga kwa kisigino cha gambuti, na foku ndiyo inayopinda. Dawa yake ni kuachia klachi kidogo tu, shafti ijisogeze, uivute tena na kugusa pedali upya. Inaingia bila kelele.

Frii nayo ina taabu yake. Kwenye mpangilio wa zamani frii ilikuwa mwisho wa safari. Ulikanyaga kisigino mpaka pedali ikagoma, ukaachia klachi bila kuangalia. Kwenye mpangilio wa moja chini, pedali inagoma ukiwa kwenye moja. Dereva anayeachia klachi hapo kwenye taa nyekundu anaruka na kumgonga aliye mbele yake. Frii iko nusu hatua kati ya moja na mbili. Namna nyepesi ya kuipata ni kuitafuta pikipiki ikiwa bado inatambaa, si ikiwa imesimama: ukiwa gia ya pili, klachi imevutwa, gusa pedali chini kidogo sana, nusu ya nguvu ya kawaida. Ikikupita ukaangukia moja, inua kidogo kwa ncha ya kiatu. Taa ya kijani ikiwaka bado usiiamini peke yake, kwani swichi yake huchafuka na waya hukatika. Shika breki, achia klachi taratibu, ndipo upumzishe mkono. Baadhi ya pikipiki za Kawasaki zina kifaa ndani kinachozuia gia ya pili chombo kikiwa kimesimama, hivyo ukiinua kutoka moja unapata frii tu. Ni kitu kizuri, lakini pikipiki za kazi tunazouziwa huku kwa kawaida hazina.

Mara nyingi frii inapokosekana kabisa chombo kikiwa kimesimama, au moja inapoingia kwa kishindo, klachi haiachii vizuri. Pima uchezaji wa mkono wa klachi kwenye ncha yake: vitabu vingi vya pikipiki ndogo vinataka milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukizidi hapo, mkono unafika kwenye mpini pleti za klachi zikiwa bado zinashikana. Injini inaendelea kuzungusha shafti na meno yanagongana. Ukipungua au usipokuwepo kabisa, pleti hazibanwi kikamilifu na klachi inateleza. Fundi wa haraka anachanganya haya mawili na kukaza waya kila anaposikia neno klachi. Marekebisho madogo yanafanyika juu kwenye mpini: legeza nati ya kufungia, zungusha kirekebishi, kaza nati. Kirekebishi cha juu kikiwa kimetoka sana, kirudishe ndani na ufanye kazi kwenye kile cha chini karibu na injini. Waya mpya hunyooka siku za mwanzo, kwa hiyo pima tena baada ya siku chache, na pima injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto.

Angalia pia sailensi, yaani mwendo wa injini ikiwa imetulia. Pikipiki nyingi za silinda moja zinataka karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Vijana hupandisha skrubu ili isizime asubuhi, halafu wanashangaa moja inaingia kama nyundo. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, ingiza gia, vuta klachi, sukuma chombo mbele na nyuma mara kadhaa. Pleti zilizolala kwenye oili nzito hugandana, na hilo linazibandua.

Kuhusu oili sitakuwa na maneno mengi, ingawa hasara kubwa iko hapa. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini na gia. Chupa iwe na alama ya JASO (kiwango cha Japani cha oili) MA au MA2, na unene uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu. Nyingine ni 20W-50, nyingine 10W-30, na kumwaga nzito kwenye injini iliyoandikiwa nyepesi hufanya gia zigome asubuhi. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Oili nyingi nyepesi za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano. Vikifika kwenye pleti, klachi inateleza. Ile oili ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji siisemi hata. Oili ya kwanza imwagwe kwa kilomita zilizotajwa kitabuni, kwa kawaida kati ya 500 na 1,000. Kwa dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku, hiyo ni siku tano hadi kumi tu, na wengi wanaipitisha wakisubiri mwisho wa mwezi. Unga wa chuma unaotoka kwenye gia mpya zinapozoeana umo humo.

Jaribio la klachi inayoteleza ni hili: ukiwa gia ya juu, kilomita 40 au 50 kwa saa, mlimani, fungua mafuta mengi kwa mara moja. Injini ikipandisha sauti na mwendo usipande, klachi inateleza. Anza na uchezaji wa waya, fuata oili, ndipo uulize bei ya pleti.

Kuna jambo dogo linalodharauliwa, nalo ni urefu wa pedali. Pedali imefungwa kwenye shafti yenye meno madogo kwa bolti moja, nyingi zikitumia spana namba 10. Anayevaa gambuti wakati wa mvua hawezi kuingiza ncha ya kiatu chini ya pedali iliyopangwa kwa ndala; atainua nusu, gia itaingia nusu, na akifungua mafuta itaruka. Kila inaporuka, kona za yale meno ya ubavuni zinalika, na baada ya muda itaruka hata ukiinua vizuri. Weka alama ya rangi kwenye shafti na pedali. Toa bolti yote, usiilegeze tu, kwa sababu inapita kwenye mfereji wa shafti. Vuta pedali, isogeze jino moja juu, rudisha, kaza. Kisigino kikiwa kwenye kikanyagio, ncha ya kiatu ifike juu na chini ya pedali bila kuinua mguu wote. Na ukishabadilisha gia ondoa mguu. Kuulaza juu ya pedali njia nzima kunaisukuma foku na kuila taratibu.

Mazoezi yafanyike uwanjani bila abiria. Kwanza tafuta pale klachi inaposhika: gia ya kwanza, bila kufungua mafuta, achia pole pole mpaka chombo kianze kuvuta, vuta tena, rudia mpaka mkono ujue. Kisha moja kwenda mbili tu, na kurudi. Tatu ije baadaye. Wakati wa kupandisha, funga mafuta na vuta klachi kwa pamoja, inua pedali mpaka mwisho wake, achia klachi, ndipo ufungue mafuta. Kupunguza: funga mafuta, shika breki kwanza, vuta klachi, kanyaga mara moja, piga mafuta kidogo, achia. Klachi moja kwa gia moja. Lile pigo dogo la mafuta lina sababu: ukitoka tatu kwenda mbili kwa uwiano ule wa juu, injini iliyokuwa 4,000 inatakiwa kufika 5,400, na usipoifikisha wewe, gurudumu litaifikisha kwa nguvu. Pengo la moja na mbili ni kubwa kuliko yote. La nne na tano ni dogo, ndiyo maana tano inaingia laini hata kwa dereva mbaya.

Wanaobadilisha gia bila klachi waache. Kwenye Super Cub pedali ilikufanyia kazi hiyo. Kwenye chombo chenye mkono wa klachi, unakula yale meno ya ubavuni.

Gia ya tano si ya mjini. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ambao ndio kikomo cha sheria maeneo ya makazi, nne inatosha, na ukiwa na abiria na gunia, tatu haina aibu. Kama namba za kuanzia, pandisha mbili kwenye 15 hadi 20, tatu kwenye 30, nne kwenye 40, tano baada ya 55 barabara ikiwa wazi. Aliyetoka gia nne ana tabia ya kukimbilia ya juu ili kubana mafuta. Kwenye gia ya tano injini inaburutwa mwendo mdogo, cheni inapigapiga, beringi za chini zinaumia, na mafuta hayabaniki. Ukiweka spoketi ya mbele ya meno 13 badala ya 14, injini itazunguka karibu asilimia 8 zaidi kwa mwendo ule ule, hivyo namba hizi zitashuka kidogo. Cheni nayo ipimwe, nyingi zinataka kulegea milimita 20 hadi 30 katikati. Ikilegea zaidi, kila badiliko la gia linakuja na kishindo ambacho dereva anadhani kimetoka ndani ya injini.

Kuteremka na frii kumewaua watu, na kwenye chombo chenye mfumo wa sindano, yaani kisicho na kabureta, sababu ya kubana mafuta haipo. Pikipiki yenye mfumo wa sindano hukata mafuta kabisa ukiteremka ndani ya gia na mkono umefungwa. Ukiweka frii, injini inahitaji kunyunyiziwa ili isizime. Mteremko mrefu kama Kitonga unashukwa na gia ile ile ambayo ungeipandia, breki zikisaidia.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwa deiwaka, dereva wa kushikia chombo kwa muda, anayeshika gia nne asubuhi na gia tano jioni. Mguu hauwezi kujifunza mambo mawili yanayopingana kwa siku moja, kwa hiyo tajiri mwenye vyombo vya aina mbili asimzungushe dereva kati yake ndani ya zamu moja. Na akumbuke leseni: daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Anayehamia 150 anahitaji daraja A, hata kama muuzaji hakuuliza.

Ninachoomba kwa wauzaji ni dakika chache kabla ya kukabidhi ufunguo. Mkalishe dereva kwenye kiti akiwa na kiatu anachofanyia kazi, rekebisha pedali na mkono wa klachi akiwa juu, mpitishe gia zote chombo kikiwa kwenye stendi. Mkataba wa tajiri na dereva utaje nani analipia oili ile ya kwanza na kwa kilomita ngapi. Na kama kiwanda hakikuleta kibandiko, kipande cha tepu nyeupe juu ya tangi na kalamu ya wino mzito vinatosha: 5, 4, 3, 2, N (frii), 1, tano ikiwa juu na moja chini.

Fundi pikipiki,
Morogoro